Karani Aliyekuwa Mwalimu wa Wengi: Maisha ya Kikazi ya Shaaban Robert

Ni ada ya wengi wetu kupima maendeleo ya mfanyakazi kwa cheo chake. Aliyepandishwa daraja husemwa amefaulu. Aliyebaki pale alipoajiriwa husemwa amekwama. Kipimo hiki kinamsumbua mwanafunzi wa Kiswahili anayekaribia kuhitimu, ambaye kila mara huulizwa shahada yake itampa kazi gani. Makala haya yanakusudia kukichunguza kipimo hicho kwa kuyaangalia maisha ya mtu ambaye sote twamsoma madarasani kama mshairi na mwanariwaya, ila ni nadra tumfikirie kama mwajiriwa. Mtu huyo ni Shaaban Robert, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alikula mshahara wa ukarani.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, na katika mtihani wa mwisho akawa wa pili miongoni mwa watahiniwa 11 waliofaulu. Masomo yake rasmi yaliishia hapo. Mwaka huo huo wa 1926 aliingia katika Idara ya Forodha ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika, akaitumikia hadi mwaka 1944. Miongoni mwa vituo vyake vya kazi ni Pangani, bandari kongwe iliyo kusini mwa Tanga.

Yafaa msomaji akumbuke hali ya utumishi wa wakati ule. Nafasi za juu serikalini zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliyesoma aliweza kuwa karani, mkalimani au mwalimu, na juu yake palikuwa na dari ambayo bidii peke yake haikuweza kuitoboa. Kwa hiyo Shaaban Robert alikuwa katika ngazi ambayo vidato vyake vya juu vilikuwa vimeondolewa kabla hajaanza kupanda. Wengi waliokuwa katika hali kama hiyo walikata tamaa, wakaifanya kazi kwa kutimiza wajibu tu. Yeye aliamua kujiendeleza katika fani ambayo mwajiri hakuwa na mamlaka nayo, yaani lugha. Mchana alishika kalamu ya serikali. Saa zilizobaki alishika kalamu yake mwenyewe. Alijisomea, akatunga mashairi na kuandika insha. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti takriban 3,000, aliutunga katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili, wakati alipokuwa bado mtumishi wa serikali. Haba na haba hujaza kibaba, na hapana shaka kibaba hiki kilijazwa kwa saa ambazo wenzake walikuwa wamepumzika.

Miaka hiyo haikuwa ya raha. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki na kumwachia watoto wawili wadogo, Mwanjaa na Suleiman. Baba huyo aliwatungia tenzi za maadili: Utenzi wa Hati kwa binti, na Utenzi wa Adili kwa mwana. Twaona hapa kwamba kipaji alichokikuza kando ya ajira ndicho kilichomsaidia kutimiza wajibu wa mzazi aliyefiwa. Mwaka 1944 alihamishiwa bara, kuhudumu katika idara ya wanyama. Mwana wa pwani alijikuta ugenini, mbali na bahari na jamaa zake. Hata hivyo, safari hiyo na mengine yaliyomfika aliyageuza kuwa maandishi, nayo tunayasoma katika Maisha Yangu, kitabu cha tawasifu kilichotoka mwaka 1949.

Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya serikali ya mkoa hadi 1952, kisha katika Idara ya Upimaji Ardhi hadi 1960. Katika kipindi hiki ndipo matunda ya miaka mingi yalipoonekana hadharani. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, na Adili na Nduguze ikafuata mwaka 1952. Kwa mfanyakazi wa leo, Kusadikika ina mafunzo ya pekee. Mwandishi alikuwa akilipwa na serikali ile ile ambayo wahakiki wengi huiona nyuma ya watawala wa nchi hiyo ya kubuni. Karama anashtakiwa kwa sababu ametaka watu wasomeshwe sheria, naye anajitetea kwa hoja, bila matusi wala hofu. Aliyeiandika alijua jinsi ya kusema kweli mbele ya mkubwa na bado kesho yake aende kazini. Katika Utubora Mkulima, mhusika mkuu anaiacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima Busutamu. Swali la thamani ya kazi, na la nani anayestahili kuitwa amefanikiwa, lilimkaa mwandishi huyu moyoni.

Uongozi nao ulimjia bila kupitia ofisini. Alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na alihudumu katika baraza la mji wa Tanga. Alitunukiwa nishani ya M.B.E. pamoja na Tuzo ya Margaret Wrong. Waliomwita katika mabaraza hayo hawakuangalia daraja la mshahara wake. Waliangalia ujuzi na uadilifu wake.

Hata hivyo, tusiyapambe maisha haya kupita kiasi. Kufanya kazi mbili kwa miongo mitatu kuna gharama zake. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, takriban miaka miwili tu baada ya kuacha utumishi. Baadhi ya kazi zake muhimu hakuziona zikiwa vitabu: Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru zilichapishwa Nairobi mwaka 1967, na Utubora Mkulima ikatoka mwaka 1968. Dari aliyowekewa haikuwa ya haki, na subira yake haiifanyi kuwa ya haki.

Basi funzo si kwamba mfanyakazi aridhike na cheo kidogo. Adai haki yake, apande akipewa nafasi. Lakini asiukabidhi ukuaji wake wote mikononi mwa mwajiri. Mabwana waliomtuma karani yule faili hatuwajui hata kwa majina, ilhali yeye angali anatufundisha.