Joy Adamson na Mbuzi wa Watharaka

Kila mwaka ninapofika katika somo la uundaji wa maneno, huandika ubaoni maneno mawili, maendeleo endelevu, kisha nikawataka wanafunzi wayachambue. Haiwachukui muda kugundua kwamba yote mawili yametoka katika tumbo moja. Kitenzi ni enda. Kikanyambuliwa kikawa endelea. Na endelea ikazaa maendeleo upande huu na endelevu upande ule. Mcheshi mmoja hakosi kuuliza iwapo serikali imetuahidi kwenda kunakokwenda.

Swali hilo si la kupuuzwa. Tofauti imo katika kile kiishio -vu, ambacho tunakikuta katika mtulivu, msikivu na mvumilivu. Hatumwiti mtu mtulivu kwa sababu alitulia jana jioni. Twamwita hivyo kwa kuwa utulivu umekuwa tabia yake, na kesho tunatarajia kumkuta nao. Basi maendeleo endelevu ni yale ambayo kuendelea kwenyewe ni tabia yake. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilikuwa na maana hiyo hiyo mwaka 1987 ilipoeleza kwamba kizazi cha leo kitimize mahitaji yake bila kukinyang'anya kizazi kijacho uwezo wa kutimiza yake. Wataalamu wakaongeza kwamba uchumi, jamii na mazingira ni mafiga matatu: ukiondoa moja, chungu kinamwagika.

Kwetu Meru jambo hili lina historia yenye jina la mtu, na mtu huyo hakuwahi kulitumia neno hilo. Nakusudia Joy Adamson.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati huo chini ya dola ya Austria na Hungaria na ambao leo uko Jamhuri ya Czech na kuitwa Opava. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Friederike Viktoria Gessner. Wazazi walitengana akiwa bado mtoto, akalelewa zaidi na bibi yake. Alisomea piano, akajaribu uchongaji na kazi nyinginezo za mikono mjini Vienna, asitulie katika lolote. Mwaka 1937 mumewe wa kwanza, mfanyabiashara Myahudi aliyeona mawingu yakitanda Ulaya, alimtuma Kenya kutazama kama pangefaa kuhamia. Safarini alikutana na mwanabotania Mswisi, Peter Bally, na ndoa ya kwanza ikaishia hapo. Ni Bally aliyempa jina la Joy, na ni yeye aliyemwelekeza katika kuchora maua ya Afrika Mashariki, kazi iliyomletea mwaka 1947 medali ya Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza. Ndoa hiyo nayo haikudumu. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, askari mkuu wa wanyamapori aliyekuwa na makao yake Isiolo.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana kuna sehemu ya maisha yake ambayo simba wameifunika. Kabla ya kuwa mama wa Elsa, Joy alikuwa mchoraji wa watu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwajiri achore makabila ya Kenya katika mavazi na mapambo yao ya asili, kabla hayajatoweka. Kwa miaka kadhaa alizunguka nchi nzima na rangi zake. Wameru, Waembu na Watharaka wamo katika picha hizo, pamoja na mapambo ya sherehe ambayo wajukuu wa waliochorwa hawajui tena hata kuyataja. Nyingi ya picha hizo zilihifadhiwa na makumbusho ya taifa, na mwaka 1967 alizitolea kitabu. Kazi hiyo ilikuwa na kasoro ya wakati wake, ya kumtazama mtu kama ua linalokaribia kunyauka. Hata hivyo, mwanafunzi wa utamaduni wa Mlima Kenya atakayeipuuza atakuwa amejinyima.

Kisha, Februari 1956, George alimpiga risasi simba jike aliyemvamia, akatambua akiwa amechelewa kwamba mnyama yule alikuwa akiwalinda wanawe watatu. Watoto hao waliletwa nyumbani, na mtumishi aliyeitwa Nuru akapewa kazi ya kuwaangalia. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, naye mdogo kupita wote, Elsa, akabaki. Uamuzi uliowatofautisha akina Adamson na wafugaji wengine wa wanyama pori ulikuwa kumrudisha porini akajitafutie mwenyewe. Jaribio la kwanza lilishindikana. La pili lilifanyika Meru, kando ya mto Ura, na huko Elsa akajifunza kuwinda, akapata dume, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu: Jespah, Gopa na Elsa Mdogo.

Tarehe 24 Januari 1961 Elsa alikufa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, akazikwa papo hapo kando ya Ura. Wanawe hawakuwa wamejua kuwinda vyema. Ng'ambo ya mto kulikuwa na Watharaka na mbuzi wao. Simba mwenye njaa hana haja ya kufundishwa kwamba mbuzi hakimbii kama swala. Zizi baada ya zizi likaingiliwa, na Jespah akarudi na ncha ya mshale mwilini. Akina Adamson walilipa fidia, lakini hasira haikupoa, na amri ikawa simba wale waondoke. Mwaka 1961 walinaswa na kuhamishiwa Serengeti, Tanganyika.

Mimi huona kwamba kurasa zinazoeleza miezi hiyo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote alizoandika Joy, ingawa yeye hakuziandika kwa nia hiyo. Majina ya watoto watatu wa simba yalifika Ulaya na Marekani. Wenye mbuzi walibaki kuwa kabila tu. Hakuna msomaji wa ng'ambo aliyeombwa kukadiria mbuzi mmoja ni nini Tharaka, katika nchi kavu ambako mvua ikikosekana mbuzi ndiye karo, ndiye mahari, ndiye dawa ya mtoto. Jiwe la pili kati ya yale mafiga matatu, yaani jamii, lilikuwa limelegea tangu siku hiyo.

Pamoja na hayo, si haki kumfanya Joy mtu aliyejali simba kwa faida yake. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1960, kikatafsiriwa katika lugha nyingi, vikafuata viwili vingine upesi, na filamu yake ya mwaka 1966 ikapata tuzo mbili za Oscar. Fedha zikamiminika. Yeye aliishi kambini, akaanzisha mfuko wa Elsa wa kusaidia wanyamapori, na sehemu kubwa ya mapato ikaingia katika kazi hiyo. Hifadhi ya Meru, ambayo halmashauri ya Waafrika ya wilaya ilikuwa imeitenga mwaka 1959, ilinufaika waziwazi na fedha hizo kabla ya kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1966. Tusisahau neno halmashauri hapo. Ardhi ilitolewa na wenyeji kupitia baraza lao. Simba alileta hundi, lakini mwenye shamba alikuwa Mmeru.

Katika mbuga hiyo Joy alimlea duma, Pippa, naye akamrudisha porini; alikufa mwaka 1969 akazikwa humo. Waliofanya kazi na Joy wameeleza kwamba alikuwa mkali, mwepisi wa kugombana na wafanyakazi wake, na kwamba yeye na George waliishi mbali mbali kwa miaka mingi, kila mmoja na paka wake. Siyasemi haya kwa kupenda umbea. Hifadhi iliyotegemea mapenzi ya mtu mmoja ilitegemea pia tabia zake, na umri wake.

Matokeo tuliyaona. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili wenye bunduki za kivita waliifanya mbuga ya Meru machinjio. Mwaka 1988 vifaru weupe waliokuwa wakilindwa na askari waliuawa. Mwaka 1989 watalii wakauawa, na magari ya wageni yakakoma kuja. Mwezi Agosti mwaka huo huo George naye aliuawa na majambazi huko Kora, ng'ambo ya Tana. Vitabu vya Elsa vilikuwa vikiendelea kuuzwa madukani London wakati ambapo mtu angeweza kuzunguka mbuga kutwa asione kifaru. Jina lilikuwa endelevu, mbuga haikuwa. Ilipofufuliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ilihitaji Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, wafadhili wa kigeni, ndovu waliosafirishwa kutoka Laikipia mwaka 2001, na hifadhi maalumu ya vifaru yenye ua. Hata sasa, mwenye mbuzi aliyeingiliwa zizini anaitazama sheria ya mwaka 2013 inayompa haki ya fidia, na kuisubiri fidia yenyewe kwa muda mrefu. Kwa Waembu wanaopakana na hifadhi ya Mwea, kando ya mabwawa ya Tana, habari hii haihitaji kufasiriwa. Kwao mnyama wa usiku ni kiboko, na kilichokuwa kizi huko Tharaka ni shamba la mahindi.

Joy hakuyaona hayo yote. Miaka yake ya mwisho aliitumia huko Shaba, Isiolo, akimfundisha chui aitwaye Penny kuishi porini. Jioni ya tarehe 3 Januari 1980 alitoka kambini kutembea kama kawaida yake, asirudi. Ilidhaniwa mwanzoni kwamba ameuawa na simba, na habari hiyo ikaenea duniani kabla ya uchunguzi kuonyesha majeraha ya silaha. Kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alipatikana na hatia. Chanzo kilichotajwa mahakamani kilikuwa ugomvi baina ya tajiri na mtu aliyemwachisha kazi.

Alibakisha siku chache atimize miaka 70. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakapelekwa Meru, yakagawanywa baina ya kaburi la Pippa na lile la Elsa, palipo na mto Ura, na ng'ambo yake Watharaka wakinywesha mbuzi.