Askofu Victor Roelens, Mchungaji wa Kirungu

Katika Ubelgiji, upande wa Flandria, kuna mji mdogo uitwao Ardooie. Huko ndiko alikozaliwa Victor Roelens, tarehe 21 Julai 1858. Alipokuwa kijana aliingia katika shirika la Mapadri Weupe, alilolianzisha Lavigerie mwaka 1868 ili kuipeleka Injili Afrika, na mwaka 1884 akapewa daraja takatifu ya upadri.

Alifika ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika mwaka 1892. Siku zile nchi haikuwa na amani. Wafanya biashara ya watumwa walivizia vijiji, wakachoma nyumba, wakawafunga watu minyororo, wake kwa waume, ili kuwapeleka mbali. Mtu atokaye Kalemie na kufuata pwani ya ziwa kuelekea kusini hufika kwanza Mpala, kisha Moba. Huko Mpala palikuwa na boma alilolijenga Kapteni Storms mwaka 1883, ambalo Mapadri walikabidhiwa mwaka 1885. Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Baba Mtakatifu, aliwalinda watu wa nchi kwa silaha. Waliokombolewa utumwani wakajenga vijiji vyao karibu na misioni.

Mwaka 1893 Padri Roelens alipanda juu ya Moba, penye uwanda wa Kirungu, akaanzisha misioni ya Baudouinville. Mwaka 1895 Baba Mtakatifu Leo XIII alimchagua kuwa Askofu wa kwanza wa Kongo ya Juu, na mwaka uliofuata akawekwa wakfu.

Hakuwa mtu laini. Katika vijiji vya misioni Mapadri walikuwa watawala pia: waliamua mashauri, wakatoa adhabu. Naye, kama Wazungu wengi wa wakati wake, aliwahesabu watu weusi kama watoto wa kushikwa mkono. Jambo hilo halifai kufichwa. Lakini mtu huyo huyo alishika shauri moja ambalo wengi waliliona kuwa ndoto: ya kwamba watoto wa nchi hii wasomeshwe mpaka wawe mapadri.

Kabla karne ya 19 haijaisha, vijana wa kwanza walikwisha kukusanywa Mpala wajifunze Kilatini. Miongoni mwao alikuwamo Stefano Kaoze, mzaliwa wa Marungu. Mashaka yalitoka pande mbili. Wazungu wengine walisema Mwafrika hataweza masomo marefu namna ile, wala hataweza kukaa bila mke. Nao wazee wa vijijini waliuliza ni kijana gani mwenye akili atakayekubali kufa bila mtoto wa kulitunza jina lake. Swali hilo la wazee lilikuwa zito kuliko lile la Wazungu, maana lilimgusa kila mama aliyempeleka mwanawe Mpala.

Askofu angeweza kufupisha njia. Angeweza kuwapa masomo machache, akampata padri upesi, akawaonyesha watu wa Ulaya. Hakufanya hivyo. Alitaka wasome kama wasomavyo waseminari wa Ulaya: Kilatini, kisha filosofia, kisha teolojia, na baada ya hayo wajaribiwe tena. Wengi waliacha, wakarudi makwao. Ugonjwa wa malale ukaingia kando ya ziwa, ukaua watu wengi katika vijiji vya Wakristo. Mwaka 1914 vita vya Wazungu vikaanza, na mwezi wa Desemba 1915 merikebu zilipigana mpaka majini mbele ya Kalemie. Kaoze alibaki katika vitabu vyake.

Mwezi wa Julai 1917, huko Baudouinville, Askofu Roelens alimwekea mikono Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu hizi. Askofu alikuwa na miaka 59, na ndevu nyeupe. Tangu Kaoze aingie shuleni Mpala ilikuwa imepita karibu miaka ishirini, na aliyefika mwisho wa safari siku ile alikuwa mmoja tu. Baadaye walifuata wengine.

Mwaka 1941 Askofu aliacha uongozi kwa sababu ya uzee. Hakurudi kukaa Ulaya. Alibaki Baudouinville hata akafa hapo mwezi wa Agosti 1947, mwenye miaka 89. Padri Kaoze aliendelea kuwahudumia Wakristo hata kufa kwake, mwaka 1951.