Rowland Hill: Aliyeshusha bei ya barua akaondolewa kazini kabla ya kutuzwa

KILA Juni 23 dunia huadhimisha Siku ya Utumishi wa Umma, na Umoja wa Mataifa hutoa tuzo kwa taasisi za serikali zilizobuni njia bora za kuwahudumia wananchi. Ni jambo zuri. Lakini maisha ya Rowland Hill, Mwingereza aliyeanzisha barua za peni moja na stempu ya kubandika, yanaonyesha kuwa kukabidhi tuzo ndiyo kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kuutambua ubunifu ungali mchanga, wakati vitabu vya hesabu bado vinaonyesha hasara.

Hill alizaliwa Desemba 3, 1795 katika mji wa Kidderminster. Baba yake alikuwa mwalimu mwenye shule yake, na fedha haikuwa ikitosha nyumbani. Enzi hizo aliyelipia barua kwa kawaida ni aliyeipokea. Hill alikumbuka hadi uzeeni jinsi mama yake alivyoogopa kusikia mpeleka barua akigonga mlango siku ambazo hakukuwa na kitu ndani, na jinsi yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alivyotumwa kuuza mfuko wa nguo kuukuu ili zipatikane shilingi 3 za kulipia barua.

Akiwa na miaka 12 alikwishaanza kufundisha katika shule ya baba yake. Baadaye yeye na ndugu zake waliendesha shule ya Hazelwood jijini Birmingham, ambako viboko viliachwa na wanafunzi walikuwa na mahakama yao ya kushughulikia makosa. Alipenda hesabu na mashine. Mwaka 1835 alipata hati miliki ya mtambo wa kuchapia magazeti kwa karatasi ndefu iliyoviringishwa, badala ya karatasi moja moja. Mtambo huo haukufika popote, kwa sababu sheria ya kodi ilitaka kila karatasi ya gazeti igongwe mhuri wa serikali kabla ya kuchapwa, na Hazina haikukubali mhuri huo ugongwe ndani ya mtambo. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza kuhusu jinsi kanuni moja ya ofisini inavyoweza kuzima kazi ya miaka.

Mwaka 1836 mbunge Robert Wallace, aliyekuwa akiisakama Idara ya Posta bungeni, alimpa Hill mzigo wa taarifa za serikali wenye uzito wa kilo 25 hivi. Hill hakuwa mfanyakazi wa posta. Alikuwa katibu wa tume iliyoshughulikia makazi mapya ya Australia Kusini. Alizisoma taarifa zile kama mfanyabiashara anayekagua daftari la duka lisilokua.

Alichokiona ni hiki. Kati ya mwaka 1815 na 1835 idadi ya watu nchini Uingereza iliongezeka sana, na biashara nayo ilipanuka, lakini mapato halisi ya posta yalibaki palepale, kiasi cha pauni milioni 1.5 kwa mwaka. Bei ilipangwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Barua ya karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ilitozwa shilingi 1 na peni moja na nusu, yaani peni 13 na nusu, kwani shilingi moja ilikuwa na peni 12. Kibarua wa shamba alikuwa akipata shilingi 10 hivi kwa wiki. Barua moja ilikula zaidi ya nusu ya ujira wake wa siku. Ukiongeza karatasi ya pili, bei inakuwa mara mbili.

Matokeo yake ni yale anayoyajua kila mtu aliyewahi kuuza bidhaa ghali kuliko mfuko wa mteja. Wananchi walitafuta vichochoro. Barua zilisafirishwa kwa magendo ndani ya vifurushi vya bidhaa, na madereva wa magari ya farasi walizibeba kwa malipo kidogo. Wabunge, ambao walikuwa na uwezo wa kulipa, walituma zao bure. Ipo hadithi ya msichana aliyeipokea barua, akaitazama kwa nje, kisha akairudisha bila kulipa, kwa kuwa alama waliyokubaliana na ndugu yake ilikwishamwambia kuwa ndugu huyo ni mzima. Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kana kwamba kilimtokea Hill, lakini kilimtokea mshairi Samuel Taylor Coleridge, na Hill alikitumia tu kama mfano.

Kisha Hill akafanya jambo ambalo wakubwa wa posta hawakuwa wamelifanya: alikokotoa gharama halisi. Aligundua kuwa kuisafirisha barua moja ya kawaida kutoka London hadi Edinburgh kuliigharimu posta sehemu moja ya 36 ya peni. Umbali haukuwa na uzito wowote katika hesabu. Kwa gunia la viazi hali ni tofauti, maana kila kilomita inamega faida ya mkulima, lakini barua ni nyepesi na zinasafiri kwa maelfu. Fedha ilikuwa ikipotelea kwingine: makarani wa kupima umbali, kuchungulia barua kwa mshumaa ili kuhesabu karatasi, kuandika deni, na mpeleka barua kusimama mlangoni akisubiri mwenye nyumba atafute chenji.

Kwa hiyo mwaka 1837 alichapisha kijitabu akipendekeza bei moja kwa nchi nzima, peni moja kwa barua ya uzito mdogo, na ilipiwe kabla ya kutumwa. Wale waliozoea kununua vocha ya simu ya kukwangua wanaelewa mara moja faida yake: muuzaji hana madeni, na hahitaji mtu wa kuyadai. Kwa ajili ya wasiokuwa na bahasha yenye mhuri, Hill alitaja kipande kidogo cha karatasi chenye mhuri, kilichopakwa gundi nyuma. Hiyo ndiyo stempu.

Wakuu wa posta walilipokea pendekezo hilo kwa dharau. Postamasta Mkuu, Lord Lichfield, alilishambulia hadharani kuwa ni ndoto ya mtu asiyejua kazi. Katibu wa idara, Kanali Maberly, alitabiri hasara. Hill angeishia hapo kama si wafanyabiashara. Wenye maduka na makampuni ya London waliunda kamati mwaka 1838, wakachangishana, wakachapisha gazeti la kampeni na kulijaza Bunge maombi kutoka kila kona ya nchi. Sheria ilipitishwa Agosti 1839. Bei ya peni moja ilianza Januari 10, 1840, na stempu nyeusi yenye kichwa cha Malkia Victoria ikaanza kutumika Mei 6 mwaka huo. Ilibadilishwa kuwa nyekundu mwaka 1841, kwa kuwa wajanja walikuwa wakifuta wino wa mhuri na kuitumia stempu ileile tena.

Serikali ilimwajiri Hill kwa mkataba wa muda kusimamia mageuzi hayo, kwa mshahara wa pauni 1,500 kwa mwaka. Lakini ilimweka Hazina, si posta. Aliweza kupendekeza, asiweze kuamuru. Waliokuwa na mamlaka ya kuamuru ni walewale waliosema mpango wake hautafanikiwa, na hawakuwa na haraka ya kuthibitisha kwamba walikosea.

Takwimu za mwaka wa kwanza zinaweza kusomwa kwa namna mbili, na hapo ndipo hatima yake ilipoamuliwa. Barua zilizotumwa zilipanda kutoka takriban milioni 76 mwaka 1839 hadi milioni 169 mwaka 1840. Katika kipindi hichohicho mapato halisi yalianguka kutoka pauni milioni 1.6 hadi pauni laki 5. Mwenye duka aliyeweza sasa kuagiza mali, kudai deni na kutuma orodha ya bei kwa peni moja aliitazama takwimu ya kwanza. Waziri wa Fedha aliitazama ya pili. Serikali ilipobadilika na Robert Peel akaingia madarakani, mkataba wa Hill haukuongezwa, na Septemba 1842 aliondoka huku mageuzi yakiwa nusu.

Ni haki kusema kuwa Hill naye alichangia. Alitarajia barua zingeongezeka mara tano au zaidi, na akawafanya watu waamini kuwa pengo la mapato lingezibika mapema. Zilifika mara tano baada ya zaidi ya miaka 10, na mapato halisi yalichukua zaidi ya miaka 20 kurudi kiwango cha mwaka 1839. Reli nazo zilikuwa zikidai malipo makubwa kubeba barua. Mchumi yeyote leo angemshauri atoe makadirio ya tahadhari zaidi.

Sekta binafsi ilimchukua haraka. Mwaka 1843 aliingia katika bodi ya kampuni ya reli ya London na Brighton, akawa mwenyekiti wake, na huko nako akatumia kanuni yake ileile: treni za haraka, na safari za bei nafuu kwa wananchi wa kawaida.

Tuzo yake ya kwanza kubwa haikutoka serikalini. Wafanyabiashara na wananchi walichanga zaidi ya pauni 13,000 na kumkabidhi mwaka 1846. Waliokuwa wakitumia huduma ndio waliojua thamani yake, na walilipa kutoka mfukoni. Mwishoni mwa mwaka huo serikali mpya ilimrudisha, kwa mshahara wa pauni 1,200, lakini Kanali Maberly akaachwa katika kiti chake. Idara ikawa na vichwa viwili kwa miaka minane, hadi Maberly alipohamishiwa kwenye ukaguzi wa hesabu mwaka 1854 na Hill akawa Katibu kamili.

Kazi aliyoifanya ndani ya ofisi haina umaarufu wa stempu, ila kwa mfanyabiashara mdogo pengine ilikuwa na maana sawa. Kitengo cha hawala za fedha, au mani oda, kilikuwa kikila hasara alipokabidhiwa mwaka 1847. Alipunguza fomu na vitabu vilivyorudiwa bure, na baada ya muda kikaanza kutoa faida. Aliigawa London katika kanda za posta ili barua zisirundikane mahali pamoja. Mwaka 1861, akiwa bado Katibu, posta ilifungua Benki ya Akiba, ambayo mtu wa kipato cha chini aliweza kuweka shilingi moja tu. Wazo hilo halikuwa lake, na katika hili ni vizuri kumtaja Charles Sikes, karani wa benki wa Huddersfield, aliyelipigania. Mfumo huohuo ulifika Kenya mwaka 1910 na Tanganyika mwaka 1925.

Ndani ya idara, Hill alisimamia kanuni kuwa karani apandishwe cheo kwa uwezo, si kwa miaka aliyokaa kwenye kiti. Wengi walimchukia kwa hilo, akiwamo mwandishi wa riwaya Anthony Trollope, ambaye alikuwa mkaguzi wa posta na ndiye aliyeleta masanduku ya barua ya barabarani. Trollope aliona kuwa kanuni hiyo inawapa wakubwa nafasi ya kupendelea. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, kwa kuwa Hill mwenyewe alimleta kaka yake Frederic na mwanawe Pearson katika idara hiyohiyo. Walikuwa watu hodari, Pearson alibuni mashine ya kugonga mihuri, lakini mtu anayehubiri uwezo badala ya undugu anapaswa kuangalia nani ameketi ofisi ya jirani.

Heshima za serikali zilikuja mwishoni, zikaja kwa mfululizo. Mwaka 1860 alipewa cheo cha Sir. Mwaka 1864, alipostaafu akiwa mgonjwa na amegombana na Postamasta Mkuu wa wakati huo, Bunge lilimpa pauni 20,000 na akabakiziwa mshahara wake wote wa pauni 2,000 kwa mwaka. Mwaka huohuo alikuwa mtu wa kwanza kupewa Medali ya Albert. Barua kwa mwaka zilikuwa zimepita milioni 600.

Nchi nyingine hazikusubiri hesabu za Hazina ya London. Brazil ilianza kutumia stempu mwaka 1843 na Mauritius mwaka 1847. India iliweka bei moja ya nusu ana mwaka 1854, na ni posta ya India iliyoendesha ofisi Zanzibar kuanzia mwaka 1875, hivyo mfanyabiashara wa karafuu aliyeandikia Bombay alibandika stempu ya India.

Hill alifariki Agosti 27, 1879 na kuzikwa Westminster Abbey. Haikuchukua muda, familia ya James Chalmers, muuza vitabu wa Dundee, ikadai kuwa stempu ya kubandika ilikuwa wazo lake, na ubishi huo ulichapishwa katika vijitabu kwa miaka mingi. Wananchi walichanga tena, safari hii kwa ajili ya sanamu, ambayo ilisimamishwa London mwaka 1882. Katika miaka ya Hill wapeleka barua walikuwa wamelalamika mara nyingi kuwa ubanaji wake wa matumizi uliishia kwenye mishahara yao. Fedha iliyobaki kwenye mchango ule ilianzisha mfuko wa kuwasaidia wafanyakazi wa posta waliopatwa na shida.