Taiichi Ohno: Mhandisi aliyeonyesha kuwa akiba huoza

WAHENGA walisema akiba haiozi. Taiichi Ohno, Mjapani aliyebadilisha jinsi viwanda vinavyohifadhi malighafi na vipuri, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba kiwandani akiba huoza, nayo huoza pamoja na fedha zilizoinunua.

Ohno alizaliwa Februari 29, 1912 mjini Dalian, Uchina, uliokuwa chini ya utawala wa Japani. Alisomea ufundi wa mitambo Nagoya, na mnamo 1932 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo cha familia ya Toyoda. Mwaka wa 1943 alihamia kampuni ya magari ya Toyota.

Miaka saba baadaye kampuni hiyo ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Magari yalikuwa yamerundikana bila wanunuzi huku mikopo ya benki ikidai kulipwa. Wafanyakazi waligoma, wengi wakapoteza ajira, na mwasisi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu mnamo 1950.

Kiichiro alikuwa ametamani kila kipuri kifike wakati kinapohitajika, si kabla wala baadaye. Ohno ndiye aliyeipatia ndoto hiyo miguu.

Mfano wake aliupata katika supamaketi za Marekani, ambazo alisikia habari zake kabla ya kuzuru nchi hiyo mnamo 1956. Humo mnunuzi huchukua anachohitaji, na mwenye duka hujaza tu pengo lililoachwa kwenye rafu.

Basi katika karakana aliyoisimamia, Ohno aliambatisha kadi, ziitwazo kanban, kwenye makasha ya vipuri. Sehemu iliyotumia vipuri ilirudisha kadi kwa sehemu iliyovitengeneza. Pasipo kadi, hakuna kilichotengenezwa wala kusafirishwa. Hivyo idadi ya kadi ikawa ndiyo kikomo cha akiba.

Kupunguza kadi kulifichua mengi. Mtambo mbovu, kipuri chenye kasoro na mletaji mchelewaji, wote walikuwa wamejificha nyuma ya shehena kubwa. Kubadilisha kalibu za mashini, kazi iliyochukua saa mbili hadi tatu katika miaka ya 1940, kulipunguzwa hadi dakika tatu kufikia mwisho wa miaka ya 1960. Hapo haikuwa lazima tena kutengeneza vipuri vingi kwa mkupuo mmoja.

Haikuwa kazi rahisi. Mafundi waliozoea mtambo mmoja walimpinga alipowataka wahudumie kadhaa, naye alifahamika kwa ukali. Hata hivyo, mgogoro wa mafuta wa 1973 ulipoyumbisha viwanda vya Japani, Toyota ilijikwamua upesi kuliko wengine, na wapinzani wakaja kujifunza. Mwaka wa 1978 alichapisha kitabu kuhusu mfumo huo. Aliaga dunia Mei 28, 1990.

Mfumo wake una gharama yake. Mnamo Februari 1997, moto katika kiwanda kimoja cha vali za breki ulisimamisha viwanda vya Toyota nchini Japani kwa siku kadhaa. Baada ya tetemeko la 2011, kampuni hiyo iliwataka wanaoiuzia vifaa vya elektroniki kuweka akiba ya miezi kadhaa.

Kwa mwanafunzi wa uhandisi, funzo si kwamba bohari liwe tupu. Ni kwamba kila kilichomo rafuni kiwe na sababu ya kuwepo, na sababu hiyo ijulikane.