Maisha ya Daktari J. B. Danquah wa Ghana

Sisi wanafunzi wa Kidato cha Nne tumejifunza katika somo la Historia jinsi nchi ya Gold Coast ilivyopata uhuru wake tarehe 6 Machi, 1957, ikaitwa Ghana. Katika somo hilo jina la Kwame Nkrumah hutajwa mara nyingi, na ni haki litajwe, maana ndiye aliyewaongoza wananchi mpaka siku ile ya uhuru. Jina la Daktari Danquah hutajwa mara moja tu, kwamba alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha UGCC mwaka wa 1947. Baada ya hapo halionekani tena. Nilitaka kujua alikwenda wapi. Nilipozipata habari zake niliona zafaa kusomwa na wenzangu, na hata na wazazi wetu, kwa sababu mtu huyu alikufa gerezani katika nchi huru aliyoipigania mwenyewe, wala hapakuwa na hakimu aliyemhukumu.

Joseph Boakye Danquah alizaliwa mwezi wa Desemba, 1895, katika kijiji cha Bepong, upande wa mashariki wa Gold Coast. Alisoma katika shule za Misheni ya Basel, na alipomaliza akawa karani wa wakili mmoja mjini Accra. Kazi ile ikamtia hamu ya kujifunza sheria. Kaka yake wa baba mmoja, Nana Ofori Atta, alikuwa chifu mkuu wa nchi ya Akyem Abuakwa. Chifu huyo akamwita Kyebi awe mwandishi wake, kisha mwaka wa 1921 akampeleka Uingereza kusoma.

Wenzangu mnaoogopa mitihani sikieni jambo hili. Danquah alishindwa mara mbili katika mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London. Hakurudi nyumbani kwa aibu, bali alijaribu tena akafaulu. Mwaka wa 1926 alikubaliwa kuwa wakili, na mwaka wa 1927 akapata shahada ya udaktari katika falsafa. Wakati huo alikuwa pia mmoja wa viongozi wa kwanza wa umoja wa wanafunzi wa Afrika Magharibi ulioanzishwa London mwaka wa 1925.

Aliporudi kwao hakutaka kazi ya Serikali. Alifungua ofisi yake ya uwakili, na mwaka wa 1931 akaanzisha gazeti lililotoka kila siku. Serikali ya kikoloni ilipotunga sheria kali ya kuzuia maandishi ya kuikosoa, Danquah alikwenda London mwaka wa 1934 pamoja na wajumbe wengine kuipinga. Maombi yao hayakukubaliwa. Lakini alikaa huko miaka miwili akisoma vitabu vya kale juu ya dola ya zamani iliyoitwa Ghana. Dola hiyo ilikuwa mbali sana kaskazini, karibu na jangwa la Sahara, lakini Danquah aliamini kwamba watu wake walitoka huko. Ndiye hasa aliyeeneza wazo kwamba Gold Coast ikipata uhuru ichukue jina hilo. Basi hata jina la nchi ile ni ukumbusho wake.

Jambo jingine la kukumbukwa ni Chuo Kikuu. Baada ya Vita Kuu ya Pili palitolewa shauri kwamba Afrika Magharibi yote itawaliwayo na Waingereza iwe na chuo kikuu kimoja tu, nacho kiwe Nigeria. Danquah alikataa, akawaendea wakulima wa kakao ili wasaidie kwa fedha zao. Mwaka wa 1948 Gold Coast ikafunguliwa chuo chake yenyewe.

Sasa nafika kwenye siasa. Tarehe 4 Agosti, 1947, Danquah na wenzake, akiwamo mfanyabiashara George Grant, walianzisha UGCC katika mji wa Saltpond. Walihitaji katibu wa kufanya kazi ya chama kila siku. Rafiki yao Ako Adjei akawaambia kwamba yuko kijana hodari aliyemjua ng'ambo, jina lake Kwame Nkrumah. Wakamwita, naye akafika mwezi wa Desemba mwaka ule ule.

Haukupita muda, likatokea jambo kubwa. Tarehe 28 Februari, 1948, askari waliopigana vita upande wa Waingereza waliandamana kwenda kwa Gavana kudai haki zao. Polisi wakawapiga risasi, na watatu wakafa. Mji wa Accra ukawaka moto, maduka yakavunjwa, na ghasia zikaenea mpaka miji mingine. Gavana aliwakamata viongozi sita wa UGCC, akawapeleka kaskazini ya nchi na kuwaweka kizuizini bila ya kuwashitaki. Kati yao walikuwamo Danquah, Nkrumah na Ako Adjei. Wakakaa huko mwezi mmoja hivi, kisha wakaachiliwa. Nawaomba wasomaji wayaweke majina hayo matatu moyoni, maana tutakutana nayo tena.

Baada ya hapo Nkrumah na Danquah waliachana njia. Danquah na mawakili wenzake walitaka kwenda polepole, kwa barua na mabaraza. Nkrumah aliwaendea vijana, wachuuzi wa sokoni, makuli na makarani, akasema uhuru uje sasa hivi. Mwezi wa Juni, 1949, akaanzisha chama chake cha CPP. Hapa lazima niseme kosa la Danquah. Alikuwa mtu wa elimu nyingi na wa jamaa ya machifu, na watu wa kawaida walimwona yuko mbali nao. Chama cha Nkrumah kilishinda uchaguzi wa mwaka wa 1951. Danquah alipata kiti mwaka huo, lakini mwaka wa 1954 na wa 1956 alikosa. Wananchi walichagua wenyewe, na yafaa tukubali kwamba walikuwa na sababu zao.

Uhuru ukaja. Lakini nchi haikutulia, maana huko Ashanti vyama vilikuwa vimepigana, watu wakauawa na nyumba kutupiwa mabomu. Kwa sababu hiyo mwaka wa 1958 Bunge la Ghana likapitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Sheria hiyo ilimpa mkuu wa Serikali uwezo wa kumfunga mtu hata miaka mitano bila ya kumpeleka mahakamani, akiona tu kwamba ni hatari kwa usalama wa nchi. Lile ambalo Gavana aliwafanyia Nkrumah na Danquah kwa mwezi mmoja, Waafrika wakaweza kufanyiana kwa miaka mitano. Wala Ghana haikuwa peke yake. Tanganyika nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka wa 1962.

Mwaka wa 1960 Ghana ikawa Jamhuri. Danquah aligombea urais dhidi ya Nkrumah, akapata kura kama 124,000, na Nkrumah akapata zaidi ya milioni moja. Chini ya katiba mpya, Rais alipoingia kazini alitangaza mbele ya watu kwamba atashika misingi fulani. Mmoja ni kwamba mtu asibaguliwe kwa ajili ya imani yake ya siasa, na mwingine ni kwamba mtu asinyimwe haki ya kwenda mahakamani, ila pale usalama wa watu utakapolazimu.

Wakati huo watu wanane walikuwa wamefungwa kwa sheria ile ya kizuizini. Mmoja wao alikuwa Baffour Osei Akoto, msemaji wa mfalme wa Ashanti. Danquah akawatetea mbele ya Mahakama Kuu kabisa ya nchi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika: ikiwa Rais ameahidi kulinda haki za watu, basi sheria inayovunja ahadi hiyo si sheria ya kweli, na mahakama iwaachilie watu hawa. Mwezi wa Agosti, 1961, majaji chini ya Jaji Mkuu Arku Korsah walimkatalia. Walisema ahadi ya Rais ni jambo la dhamiri yake tu, wala mahakama haiwezi kumshurutisha aitimize. Wananchi wakiona hakuitimiza, dawa yao ni kura siku ya uchaguzi.

Kwa maoni yangu, siku hiyo ndiyo iliyo kubwa kuliko zote katika habari hizi. Kiapo cha mkubwa kikageuka kuwa maneno matupu, na kilichobaki mkononi mwa raia kilikuwa ni kura peke yake.

Hazikupita wiki nyingi, wakili naye akafungwa. Wafanyakazi wa reli na bandari huko Sekondi na Takoradi waligoma mwezi wa Septemba, 1961, na mwezi wa Oktoba Danquah akakamatwa pamoja na wapinzani wengine. Alitolewa mwezi wa Juni, 1962. Tusisahau kwamba Nkrumah naye alikuwa na hofu ya kweli, maana mwezi wa Agosti mwaka huo alitupiwa bomu katika kijiji cha Kulungugu, likaua na kuumiza watu. Kwa ajili ya bomu hilo alishitakiwa Ako Adjei, yule yule aliyewashauri wenzake wamwite Nkrumah, pamoja na wakubwa wengine wa CPP. Mwezi wa Desemba, 1963, Jaji Mkuu Korsah na wenzake waliona hawana hatia. Nkrumah akamfukuza Jaji Mkuu kazini, na Ako Adjei hakutoka gerezani. Basi yule jaji aliyesema kiapo cha Rais hakimfungi Rais, akajikuta yeye mwenyewe hana cha kumkinga.

Kura nayo haikukaa. Mwezi wa Januari, 1964, palipigwa kura ya maoni ya kuifanya Ghana nchi ya chama kimoja, na hesabu iliyotangazwa ilisema karibu watu wote walikubali. Ile dawa waliyoitaja majaji mwaka wa 1961 ikawa imekwisha.

Mwezi huo huo askari polisi mmoja alimpiga Nkrumah risasi akamkosa, akamwua mlinzi wake. Siku chache baadaye Danquah akakamatwa tena. Zilisemwa tuhuma nyingi juu yake, lakini hazikupelekwa mbele ya hakimu ili zipimwe kuwa ni kweli au ni uongo. Aliwekwa katika gereza la Nsawam, katika chumba chembamba upande wa wafungwa waliohukumiwa kufa, akalala sakafuni, na kwa muda alitiwa minyororo miguuni. Alikuwa mzee na mgonjwa. Alimwandikia Nkrumah barua za kumwomba amfungue, akimkumbusha siku zao za kifungo mwaka wa 1948. Hakufunguliwa. Tarehe 4 Februari, 1965, alikufa humo kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 69.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Februari, 1966, Nkrumah alipokuwa safarini Asia, wanajeshi na polisi wakaipindua Serikali yake. Wafungwa wa kizuizini wakatolewa. Lakini Serikali mpya ikatoa amri yake yenyewe ya kuwaweka ndani watu wa Nkrumah, nao pia bila hukumu. Nkrumah hakuiona tena Ghana. Aliishi Guinea, akafa Bucharest, nchi ya Rumania, tarehe 27 Aprili, 1972.

Sikuandika habari hizi ili kumtukana Nkrumah. Alijenga bwawa kubwa la Akosombo, akafungulia watoto wengi milango ya shule, na Afrika nzima yamheshimu kwa haki. Lakini mtu mwema akipewa upanga usio na ala, iko siku utamkata jirani. Kosa halikuwa la mtu mmoja tu. Wabunge waliinua mikono kuipitisha sheria ile, majaji wakasema haiwahusu, na watu wengi wakanyamaza kwa kuwa waliofungwa hawakuwa watu wa chama chao. Kisha zamu ikawafikia baadhi yao.

Leo katiba ya Ghana ya mwaka wa 1992 inaamuru kwamba mtu akikamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, kama hakuachiliwa. Danquah alishindwa kesi yake mwaka wa 1961, lakini naona jibu lake limeandikwa humo.

Wenzangu, karibu tutaondoka hapa shuleni, na baadhi yetu watakuwa viongozi. Kiongozi akila kiapo, tusitazame tu jinsi anavyokishika kitabu mkononi. Tuulize pia ni nani atakayeweza kumwita na kumdai ahadi yake, kabla ya uchaguzi na baada yake. Na anayefungwa bila hukumu akiwa si mwenzetu, hapo ndipo yatupasa tuulize kwa sauti kubwa zaidi.