Waldemar Haffkine: Mtu Aliyebebeshwa Vifo Kumi na Tisa

Katika mfululizo wetu wa maisha ya watu mashuhuri, leo tunamtazama mtu ambaye hakuwa mkatoliki wala mkristo, bali Myahudi aliyeishika dini yake hadi kufa. Tumemchagua kwa sababu habari zake zinagusa jambo linalosumbua familia nyingi parokiani: je, sindano za kinga ni salama?

Waldemar Haffkine alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Odessa, ambao leo uko Ukraine na wakati ule ulikuwa chini ya Urusi. Alisoma elimu ya viumbe kwa mwalimu maarufu, Mechnikov. Alikuwa na akili nyingi, lakini mlango wa kufundisha chuo kikuu ulifungwa kwake kwa kuwa ni Myahudi. Angeweza kuufungua kwa kubadili dini. Alikataa. Akaenda Uswisi, kisha Paris, akapata kazi ndogo ya maktaba katika Taasisi ya Pasteur. Saa zake za ziada alizitumia maabara.

Huko alitengeneza chanjo ya kipindupindu. Mwezi Julai 1892 alijidunga yeye mwenyewe kwanza, akakaa kuona kama atadhurika. Mwaka 1893 akaenda India, ambako ugonjwa huo ulikuwa unaua watu wengi. Tauni ilipoingia Bombay mwaka 1896, aliitwa kusaidia. Baada ya miezi michache ya kazi usiku na mchana alipata chanjo ya tauni, na tarehe 10 Januari 1897 akajidunga tena mwenyewe kabla ya kumgusa mtu mwingine. Watu waliogopa sana sindano yake. Miongoni mwa waliomsaidia ni Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, ambaye jina lake linajulikana vizuri hapa Afrika Mashariki. Alimpa nyumba ya kufanyia kazi, naye akachanjwa hadharani ili wafuasi wake waone.

Ndipo ikaja tarehe 30 Oktoba 1902. Katika kijiji cha Mulkowal, jimbo la Punjab, sehemu ambayo sasa iko Pakistan, watu 107 walichanjwa dhidi ya tauni. Chanjo ilitoka katika chupa tano. Siku chache baadaye, watu 19 walianza kukaza taya na kupindika mwili. Ilikuwa pepopunda. Wote 19 walikufa, na wote walikuwa wamedungwa kutoka chupa moja.

Tuelewe hapa pepopunda ni nini. Vijidudu vyake huishi katika udongo na mavi ya wanyama, tena hudumu miaka mingi. Haviambukizwi kutoka mtu hadi mtu. Huingia kwa kidonda, kwa msumari wenye uchafu, au kwa kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa wembe usio safi. Ndani ya kidonda, pasipo hewa, hutoa sumu inayokaza misuli. Chanjo ya tauni yenyewe haikuwa na pepopunda. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: uchafu uliingia wapi?

Tume ya uchunguzi ililaumu maabara ya Bombay. Haffkine alikuwa ameacha kutia asidi ya kaboliki ndani ya chanjo, akitegemea joto kuua vijidudu. Wakubwa waliona hapo ndipo kosa lilipo. Tena alikuwa mgeni, Myahudi, na hakuwa daktari wa tiba. Wachache walikuwa tayari kumtetea. Alisimamishwa kazi akarudi Ulaya, jina lake likiwa limechafuka.

Lakini ndani ya ushahidi uleule kulikuwa na jambo dogo. Siku ile kijijini, msaidizi aliyefungua chupa aliangusha chini kibano chake. Hakukichoma motoni ipasavyo; alikitumia tena kung'olea kizibo. Uchafu ulitoka ardhini ya Mulkowal. Wataalamu walipoisoma taarifa ilipotangazwa, walipinga hukumu hiyo. Ronald Ross, aliyegundua kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria, alimtetea kwa nguvu magazetini. Mwaka 1907 Haffkine alisafishwa jina, miaka mitano baada ya vifo vile. Akarudi India, lakini hakupewa tena nafasi ya kazi kubwa kama zamani. Alistaafu mwaka 1914. Mwaka 1925 maabara yake ya Bombay ilipewa jina lake, nalo lipo hadi leo. Alikufa Lausanne, Uswisi, mwaka 1930, akiwa ameacha mali yake kusaidia shule za dini za Kiyahudi. Sisi tulio seminarini tunaweza kuelewa zawadi hiyo.

Tunajifunza nini? Kwanza, vifo vya Mulkowal vilikuwa vya kweli. Anayesema sindano haijawahi kumdhuru mtu hasemi ukweli, na familia zile 19 zilistahili kujibiwa. Lakini jibu lilipatikana kwa kuchunguza kila hatua, na hatua iliyokosewa ilikuwa usafi. Ndiyo maana leo kila mtu hudungwa kwa sindano yake mpya, kisha inatupwa.

Pili, hapa kwetu nako tumesikia mashaka juu ya chanjo ya pepopunda wanayopewa akina mama. Chanjo hiyo ilipatikana Ufaransa miaka ya 1920. Haina kijidudu kilicho hai. Ina sumu iliyoondolewa makali, ili mwili ujifunze kujikinga. Mara nyingi huleta maumivu ya mkono au homa kidogo. Madhara makubwa ni nadra sana. Mama mjamzito akichanjwa, kinga yake humfikia mtoto tumboni. Mama mwenye wasiwasi asidharauliwe: amwulize muuguzi, aonyeshwe chupa na tarehe yake, aone sindano ikifunguliwa mbele yake. Hiyo ni haki yake.

Tatu, amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Hukumu ya haraka ilimnyang'anya Haffkine miaka mitano, na ikawanyima watu wengi mikono yake wakati tauni ikiendelea kuua. Kabla hatujapeleka mbele habari tuliyoisikia kuhusu sindano au kuhusu mtu, tujiulize kama kweli tumeijua chupa ilikofunguliwa.