Sir Edward Henry: Aliyezifanya alama za vidole kuwa nyenzo ya dola

MWANANCHI anayebonyeza kidole kwenye mashine ili asajili laini ya simu huenda hajui kwamba anafuata nyayo za kazi iliyoanza India zaidi ya karne moja iliyopita, chini ya ofisa wa Kiingereza, Edward Richard Henry.

Henry alizaliwa London Julai 26, 1850. Mwaka 1873 aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, na mwaka 1891 akawa Mkaguzi Mkuu wa Polisi wa Bengal.

Tatizo lililomkabili lilikuwa moja: mkoloni alitawala mamilioni ya watu asioweza kuwatofautisha. Alama za vidole zilikwishajulikana, lakini hapakuwa na njia ya kuipata kwa haraka alama moja kati ya maelfu. Hesabu za kuzigawa katika makundi 1,024 zilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wasaidizi wake wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Hata hivyo, mfumo huo ulibeba jina la mkuu wao. Serikali ya India iliuidhinisha mwaka 1897.

Mwaka 1900 Henry alipelekwa Afrika Kusini, wakati wa Vita vya Makaburu, kupanga polisi wa Johannesburg na Pretoria. Mbegu aliyoiacha huko ilichipua mwaka 1906, sheria ya Transvaal ilipowataka Waasia wajiandikishe kwa alama za vidole. Mohandas Gandhi aliongoza upinzani dhidi yake.

Mwaka 1901 alianzisha idara ya alama za vidole Scotland Yard, na mwaka 1903 akawa Kamishna wa Polisi wa London. Mwaka 1912 alipigwa risasi nje ya nyumba yake na mtu aliyenyimwa leseni ya udereva. Alinusurika, kisha akamwombea mshambuliaji huyo huruma mahakamani. Aliondoka madarakani mwaka 1918, baada ya mgomo wa polisi.

Wakati huo utaratibu huo ulikuwa unakaribia Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1919, wanaume Waafrika nchini Kenya walilazimishwa kubeba kipande chenye alama zao za vidole, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Kilimfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake na kumrahisishia polisi kumsaka aliyetoroka kazi. Harry Thuku alikipinga. Alipokamatwa Machi 1922, waandamanaji walipigwa risasi jijini Nairobi.

Henry alifariki dunia Februari 19, 1931. Chombo kilichomtia hatiani muuaji London ndicho kilichomnyima Mwafrika uhuru wa kutembea katika nchi yake. Wino ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana ni nani aliyeshika daftari.